Mdomo wa Pili

Mzee Mwalongo,

Habari mpya ni hii, na aliyeisema ni Obedi, jana jioni kwa simu: Agatha, mwandishi wake, atapandishwa cheo. Bodi ya redio ikikaa mwisho wa mwezi, atatajwa kuwa mkuu wa chumba cha habari, chini ya Obedi. Obedi ameambiwa na mkurugenzi peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Agatha mwenyewe hajui.

"Sijamwambia, dada," Obedi alisema, na nilisikia jinsi anavyojivunia. "Nina mdomo mmoja tu. Nafuata kanuni ya Mzee."

Asilolijua Obedi ni kwamba Agatha ameomba kazi kwetu. Usaili ni Jumatatu saa tatu asubuhi, hapa Makambako, na mmoja kati ya watu watatu watakaokaa upande wa pili wa meza ni mimi. Agatha aliniomba nisimwambie mtu yeyote wa redioni, nikamwahidi. Obedi naye, alipomaliza, akasema, "Hii isitoke, dada." Nikamwahidi na yeye.

Kwa hiyo nimeshika ncha mbili za kamba, na wenyewe hawajui kuwa kamba ni moja. Ungekuwapo ningekupigia simu. Hupo, ndiyo maana naandika.

Kanuni yenyewe naikumbuka ilivyonikuta. Nilikuwa mgeni redioni, sijazoea hata baridi ya Njombe, na upepo ukaezua mabati ya soko lililokuwa ng'ambo ya barabara. Tulikuwa dirishani, mimi na wewe. Tuliona bati moja likiruka juu ya duka la mbao na kutua katikati ya njia. Nikakimbilia meza niandike. Ukanishika bega.

"Nani amekuambia?"

Nikasema nimeona.

"Basi wewe ni mdomo mmoja."

Nikasema, na wewe umeona, Mzee. Ukasema, "Mimi ni mhariri. Toka nje."

Nikatoka kwenye mvua. Nilimkuta mama mmoja akiokota viazi vyake vilivyotawanyika matopeni, nikamwuliza, mama, paa limeezuliwa? Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mwanangu, macho umeyaacha kwa mganga?" Nikarudi nimelowa, nikakusomea jibu lake kama lilivyo. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema, "Sasa andika."

Habari ya mdomo mmoja ni uvumi. Midomo ikiwa miwili, ndipo tunaanza kazi. Uliyasema hayo mbele ya kila aliyeingia pale, mwandishi, fundi mitambo, hata mama wa usafi, ambaye siku moja alikataa kuniambia chai imeisha mpaka akaulize jikoni. Tulikucheka. Lakini ni kanuni hiyo iliyotuokoa siku waliyokuja vijana wawili kutaka tutangaze kifo cha baba yao mdogo wa Wanging'ombe. Walikuwa na jina, kijiji, saa ya maziko na machozi. Ukawauliza ni nani mwingine aliyeuona mwili, wakaanza kugombana wao kwa wao. Ukakataa kutangaza. Alhamisi yake marehemu alikuja ofisini kwa miguu yake kutangaza ng'ombe aliyepotea. Kumbe ulikuwa ugomvi wa shamba. Ulimpokea, ukaandika tangazo la ng'ombe, ukamwuliza kwa upole kama kuna mwingine aliyeona kuwa ng'ombe hayupo.

Nakumbuka hayo kwa raha. Sasa niseme lile lingine.

Sikuondoka redioni kwa hasira, na barua hii si ya toba. Nyumba ya mama yangu ilikuwa inavuja. Mwanangu Faraja alikuwa amefaulu kwenda chuo. Mshahara wa redio ulikuwa unanifikia ukiwa umechoka, umepita mikono mingi kabla ya wangu. Kampuni ya parachichi ya Makambako ilikuwa inatafuta afisa mawasiliano, ikanipa ambacho redio isingeweza kunipa. Mtu mwenye akili timamu angekwenda. Nilikwenda.

Ila kabla ya kwenda nilikuita tunywe chai kwenye kile kibanda cha nyuma ya ofisi. Ulikuja na koti lako zito la kijivu na kofia ya sufu uliyoivaa hata mwezi wa kumi na mbili. Ulikuwa umebakiza muda mfupi ustaafu, na sisi sote tulikuwa tunakisia nani atakaa kwenye kiti chako cha mhariri mkuu, ila mbele yako hakuna aliyethubutu kukisia. Nikakuambia barua ya kuacha kazi ninayo mkobani. Ukakoroga chai yako. Daktari alikuwa amekukataza sukari, hukuwa umetia hata chembe, lakini ulikoroga.

"Usiipeleke wiki hii, Mama Faraja," ukasema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Sina cha kukuambia."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wakuu wa idara, kwa maafisa wa polisi, kwa watendaji wa vijiji, kwa mapadri. Kila nilipoyasikia nilivuta kiti karibu zaidi, kwa sababu asiye na kitu husema "sijui". Anayesema hana cha kukuambia, anacho. Hilo nililijua vizuri, na watu wengi walijuta kuniambia hivyo. Lakini wewe nilikuamini. Nilidhani huna. Kesho yake asubuhi barua ikawa mezani kwa mkurugenzi.

Makambako unaijua. Upepo wake unapekua mifuko. Malori hayalali, na mtu ukisimama njia panda unaweza kudhani nchi nzima inahama. Ofisi yetu ipo nyuma ya vyumba vya baridi ambamo parachichi zinapangwa kabla ya kupakiwa kwenye makontena. Kazi yangu ni kuandika kwamba mambo yanakwenda vizuri. Mara nyingi yanakwenda vizuri kweli, sidanganyi. Kilichonishinda kuzoea ni nukuu. Huku naandika kwanza alichosema meneja, kisha nampelekea, naye anasoma na kukubali kwamba amekisema. Siku ya kwanza nilimfuata na kalamu nikamwuliza, "Meneja, una maoni gani kuhusu msimu?" Akashangaa. "Mama, si ndiyo kazi tuliyokuajiri? Niambie nina maoni gani."

Nilikusimulia hilo ulipopita kunitazama, ulipokuwa unatoka hospitali. Ulikuwa umekonda, koti limekuwa kubwa. Nilikutembeza, ukaingiza kichwa kwenye chumba cha baridi, ukatoka ukitikisa kofia. "Mnyalukolo," ukaniambia, ndugu kwa lugha ya kwetu, "baridi hii hii Njombe tunaipata bure. Nyie mnailipia umeme." Wapanga parachichi wakacheka, na mmoja akakupa parachichi zilizokataliwa kwa umbo baya, ukasema zinafanana na wewe. Ulikaa mchana mzima. Ulikula, ulitania, uliuliza habari za Faraja. Hukusema lolote kuhusu kiti. Obedi alikuwa amekwishakikalia, na ulimsifu. Nilikusindikiza mpaka kwenye gari. Ukafungua kioo, ukanitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia, kisha ukakifunga.

Sikukuona tena ukiwa mzima.

Siku ile uliyotutoka, Mama, mkeo, alinipigia asubuhi nikiwa kazini. Alisema, "Mama Faraja, mzee wako amepumzika." Basi. Nilikuwa nimeshika picha za wageni waliotembelea mashamba, natakiwa kuziandikia maelezo. Niliendelea kuzishika. Simu ikalia tena, akawa Obedi, anahema.

"Dada, muuguzi mmoja ameniambia jambo. Familia simu hawapokei. Mjini watu wameanza kupeana pole. Nina mdomo mmoja, dada, nifanye nini?"

Nikamwambia, "Mimi ni wa pili. Tangaza."

Nilimsikia akiweka simu mezani bila kuikata, na kiti kikisogezwa, na mlango wa studio. Sauti yake ilitoka kwenye redio ya mlinzi wetu pale getini, mimi simu bado ipo sikioni. Njombe yote ilikuwa imekwishajua, masokoni, kwenye viwanda vya mbao, kila mahali. Ulitangazwa umechelewa, Mzee, na jina lako likatamkwa sawasawa. Nadhani ungeridhika.

Tulikuzika Mdandu, kwenye udongo mwekundu, ukungu haujapanda. Hayo umesimuliwa na wengine. Mimi nakuambia lililofuata.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Mama. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya viazi, nikachukua kisu nami nikakaa. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Wewe na mzee wako mlikuwa vichwa vigumu kama magogo ya miwati. Sijui mlifundishana."

Nikauliza, tumefanya nini tena, Mama?

"Siku mliyokunywa chai," akasema, "alirudi hakugusa chakula. Nikamwambia, una nini? Akasema, mkurugenzi kaniambia kiti changu ni cha Mama Faraja. Bodi inakaa Ijumaa. Na Mama Faraja anaondoka. Nikamwambia, sasa we baba, si umwambie? Akasema, nina mdomo mmoja. Nikamwambia, Mwalongo, huyo ni mtu, siyo taarifa ya saa mbili!"

Kisu changu kilisimama. Nikamwuliza ulijibu nini.

"Eti bodi ikigeuka, atakuwa amemfunga mtoto wa watu kwenye kazi ya njaa kwa maneno ya uongo. Nikamchoka, nikaenda kulala. Kesho yake barua yako ikafika kwa mkurugenzi. Baada ya hapo nikamwambia tena, mwambie, hata kama yamepita. Akasema, kumwambia sasa ni kumwekea mwiba kiatuni, na anaanza safari."

Sikumkubalia Mama hapo hapo. Unajua kwa nini. Wiki iliyofuata nilikuwa Njombe mjini kwa shughuli za kampuni, nikamtafuta yule mwalimu mstaafu aliyekuwa kwenye bodi wakati ule. Nilimpata kwenye duka la pembejeo anachagua mbegu za viazi, anapekua gunia kama anayesahihisha mitihani. Nikamwuliza moja kwa moja.

"Jina lako lilikuwa mezani peke yake," akasema. "Hakuna aliyekuwa na neno. Ndipo mkurugenzi akatusomea barua yako. Mmoja akauliza, sasa nani?" Akashika kiazi, akakitazama, akakirudisha. "Kwani hukujua?"

Basi ikawa habari.

Nimekaa na habari hiyo mwezi mzima, nimeigeuza kila upande. Ukweli ni kwamba sijui ningechagua nini. Mshahara wa kiti chako bado ulikuwa chini ya huu. Paa la mama yangu lingevuja vilevile. Pengine ningekuja Makambako hivyo hivyo, na leo nisingekuwa na la kukuandikia. Pengine ningebaki, na Faraja angenilaumu. Kinachoniuma si kiti. Obedi anakimudu. Anapiga kelele zaidi yako na hakohoi kama ulivyokohoa wewe. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama mbele ya njia mbili nikidhani ni moja.

Nawe hukukosea kwa uvivu wala kwa hila. Ulinipa heshima uliyokuwa unaipa habari. Hukutaka kunitangazia jambo ambalo lingehitaji kusahihishwa. Nimejaribu kukukasirikia nikashindwa, kwa sababu kila nikianza nakuona unakoroga ile chai.

Lakini redio ikitangaza uvumi, huumiza watu ambao hawakuomba kuusikia. Uvumi ulionihusu mimi ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yako. Ungeniambia, "Nina mdomo mmoja, unaweza kuwa uongo," ningejua la kufanya nao. Wewe ndiye uliyenifundisha kuupima.

Ndiyo maana Obedi aliposema jana kwa fahari kwamba anafuata kanuni ya Mzee, niliona kibanda kile cha chai kinafunguliwa tena, na safari hii anayekaa kwenye kiti changu ni Agatha.

Nisijifanye sina upande. Meneja ameshasoma maombi ya Agatha na ameyapenda. Nami nampenda. Chumba changu kina kompyuta mbili na mtu mmoja, na tangu nije huku sijapata mwenzangu wa kucheka naye nukuu za meneja. Nikinyamaza tu, Agatha atakuja, atafaulu, atapata mshahara mzuri, na sitakuwa nimevunja ahadi ya mtu yeyote. Ni rahisi sana kunyamaza. Wewe ulinyamaza kwa sababu nzuri kuliko hiyo.

Leo asubuhi, kabla sijaingia kazini, nilimpigia Obedi.

"Mwambie Agatha kabla ya Jumatatu," nikasema.

"Dada, mdomo mmoja."

"Mwambie ni mdomo mmoja. Mtaje aliyesema. Mwambie bodi inaweza kugeuka. Lakini mwambie."

"Kuna nini Jumatatu?"

"Sina cha kukuambia."

Nyuma yake mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Dada," akasema polepole, "anayesema hivyo ana gunia zima nyuma ya mlango."

"Mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Nani kasema umesema?" Kisha akashusha sauti. "Lakini Mzee asingekubali."

Nikampa maneno ya Mama kama nilivyopewa: huyo ni mtu, siyo taarifa ya saa mbili. Akauliza Mama aliyasema kwa nani. Nikamwambia, kwa Mzee. Akauliza, kuhusu nani? Hapo nilitaka kumwambia tena kwamba sina cha kumwambia. Sikuweza, Mzee. Ingekuwa kichekesho. Nikamwambia ni kuhusu mimi, na kiti ni hicho anachokalia.

Nilisikia kiti chake kikilia, kama amesimama ghafla.

"Kwa hiyo mimi nimekalia..."

"Umekalia kiti chako. Kilikuwa wazi, ukapewa, unakimudu. Ukianza kunung'unika nitakuja kukutoa mimi mwenyewe."

"Ungekuja, dada, ningekupisha."

"Nyamaza. Lini utamwona Agatha?"

"Jumapili. Tukitoka misa ya kwanza."

"Chai utalipa wewe."

"Mshahara wenyewe unaujua," akasema, na tukacheka wote wawili, na baada ya kukata simu nikagundua kwamba nimesimama getini kwetu na mlinzi ananitazama, kwa sababu nilikuwa nacheka na kufuta uso kwa wakati mmoja. Nilimwambia ni upepo.

Sijui Agatha atachagua nini. Sitampigia simu kabla ya Jumapili, wala baada yake. Mama yake anamtegemea kama wangu alivyonitegemea, na cheo cha redioni hakijengi nyumba haraka. Akija kwetu, sitamhesabu kuwa amekosea. Akibaki, chumba changu kitaendelea kuwa na kompyuta mbili na mtu mmoja. Kwa vyovyote atakuwa ameziona njia zote mbili kabla hajakanyaga moja.

Kanuni yako nitaitunza, Mzee. Kwa habari, midomo miwili, hata bati likiruka mbele ya macho yangu. Ila mtu ninayemfahamu akisimama mbele yangu na barua mkobani, nami nimesikia hata nusu ya neno linalomhusu, nitampa hiyo nusu na kumwambia kuwa ni nusu. Hilo nakuahidi. Usinisahihishe. Nimeshaamua.

Pumzika. Lile koti Mama amelitundika nyuma ya mlango, hajampa mtu, na mimi sikumwuliza kwa nini.

Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye kiti changu, na kingine mbele yangu kitakuwa na mtu au kitakuwa kitupu. Jumamosi inayofuata nitakuja Mdandu, kaburini kwako, kukuambia ilivyokuwa. Nitakuwa nimeisikia kwa Agatha mwenyewe, na kwa Obedi.

Mama Faraja,
Makambako